Leseni za Sista Saru

Wiki iliyopita nilikuwa nikichanganya klorini kwenye ndoo, jikoni kwangu hapa Voi. Mwanangu mdogo alikuwa ametapika mara mbili kabla hata uji haujaiva, nami nilikuwa nimefunga leso kiunoni, tambara mkononi, tayari kupiga deki nyumba nzima. Ile harufu iliponipanda puani, harufu kali inayowasha macho na kukausha koo, ilibidi niegemee sinki. Ghafla nilikuwa tena na miaka kumi na miwili, nimesimama mlangoni mwa zahanati ya shule, miguu imejaa vumbi jekundu, nikimtazama mama yangu akisukuma maji sakafuni kwa ufagio huku akiimba wimbo wa kanisani mdomo ukiwa umefungwa.

Mama yangu alikuwa muuguzi wa shule. Sista Saru, ndivyo walivyomwita wote, kuanzia mwalimu mkuu hadi mpishi, na hata mimi nilimwita hivyo tukiwa ndani ya ua wa shule. Ilikuwa shule ya msingi ya bweni nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Taveta, yenye watoto zaidi ya mia tatu. Kwetu hasa ni Wusi, juu milimani, ambako baba alibaki akilima na kumtunza nyanya yangu. Mimi na mama tulishuka kila muhula ulipofunguliwa. Yeye alikuwa na kinyumba cha wafanyakazi nyuma ya jiko, lakini mimi alinipeleka bwenini.

"Ukilala kwangu utakuwa mtoto wa Sista," aliniambia. "Ukilala bwenini utakuwa Wakesho."

Basi nililala bwenini, na bado nikawa mtoto wa Sista.

Ili mnielewe, lazima niwaeleze habari za msimu. Voi ni mahali pakavu. Kuna miezi ambayo vumbi linaingia hadi ndani ya vitabu, ukifungua ukurasa unasikia mchanga ukisaga. Kisha siku moja mvua inashuka bila kupiga hodi, na kila kitu kilichokuwa kimelala juu ya mabati, vumbi, majani, kinyesi cha njiwa, kinaoshwa na kuteremka moja kwa moja kwenye tenki. Matroni alikuwa akitangaza kwamba maji hayo ni ya kufulia tu. Lakini mwambie hivyo mtoto aliyetoka kucheza mpira. Siku ya tatu baada ya mvua ya kwanza, matumbo ya shule nzima yalikuwa yanaanza kunguruma darasani, moja likiuliza na jingine likijibu.

Hapo ndipo mama alipokuwa akijitokeza mbele ya paredi ya asubuhi. Mnajua kwamba kwetu mtu anayehara tunasema anaendesha. Mama alilichukua neno hilo akalijengea kampuni nzima ya usafirishaji.

"Mabibi na mabwana," alikuwa akisema, mikono nyuma, uso mkavu kama wa mkuu wa polisi, "barabara imefunguliwa. Yeyote anayeendesha, huyo ni dereva wangu. Dereva ni mtu wa maana sana. Bila dereva hata chumvi hungeiona. Lakini nikimkamata dereva hana leseni, atanitambua."

"Na anayetapika, Sista?" mtu alikuwa lazima aulize, ingawa jibu walilijua wote.

"Huyo ni tanboi, msaidizi wa dereva. Anateremsha mizigo njiani."

"Na anayeendesha na kutapika pamoja?"

"Ah! Huyo ndiye mwenye kampuni. Huyo mpigieni saluti."

Paredi nzima ilikuwa inavunjika mbavu. Na leseni zenyewe zilikuwa za kweli. Mama alikata maboksi ya dawa vipande vidogo, akaandika kwa kalamu nyekundu AMERUHUSIWA KUENDESHA, chini yake jina. Mwenye leseni akibanwa darasani aliinyanyua tu juu, mwalimu akaitikia kwa kichwa, naye akatoka mbio bila kueleza jambo. Ili kuipata ilibidi upite zahanati, usimame kwenye mizani, ambayo mama aliiita Mariakani kwa kuwa ndiko malori yote yanakopimwa, kisha unywe mbele yake kikombe cha maji ya dawa, yale yenye ladha ya machozi yaliyotiwa sukari. Kulikuwa na foleni kila asubuhi. Watoto walikuwa wakisukumana kuwa madereva.

Nikwambie ukweli, msomaji, mimi nilikuwa nikitamani ardhi inimeze.

Nilikuwa darasa la sita, umri ambao hata kivuli chako kinakuaibisha. Nilipopita kwenye veranda wavulana walinipigia honi. "Pooooo!" Nilipoketi kulikuwa na mtu wa kufanya sauti ya breki za hewa, "tshhh". Siku moja mwalimu wa Kiswahili alitupa insha, "Kazi ya Mzazi Wangu," na nilipoitwa kusoma yangu, kabla sijafungua mdomo darasa zima lilipiga honi kwa pamoja, na nikamwona mwalimu naye anainamisha kichwa kuficha meno.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kula kwa mama, kama kawaida. Alikuwa amepika wali na ndengu za nazi, chakula nilichokipenda kuliko vyote, na jua la mchana lilikuwa limeingia mpaka chini ya meza. Niliweka kijiko chini.

"Mama, nataka uache yale mambo ya paredi."

"Mambo gani?"

"Ya madereva. Wananicheka. Wananipigia honi."

Niliona kicheko kikimfikia midomoni, kisha akaniangalia vizuri na kicheko kikarudi kilikotoka. Alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mikavu, imepauka kwa klorini, yenye nyufa vidoleni.

"Wanakupigia honi," alisema polepole. "Tangu lini?"

"Tangu darasa la nne."

"Sawa. Nimesikia. Sitasema tena."

Hakunibembeleza, hakunieleza lolote. Aliniongezea ndengu. Nilirudi bwenini mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, na sikujiuliza hata mara moja kwa nini amekubali upesi hivyo.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwisho wa juma hilohilo. Jumatatu iliyofuata mama alisimama mbele ya paredi na kipande cha karatasi, akasoma: "Mwanafunzi yeyote mwenye dalili za kuhara au kutapika anaombwa kuripoti zahanati mapema iwezekanavyo. Asanteni." Akaikunja karatasi akaenda zake. Watoto wakatazamana. Mtu mmoja nyuma alianza kupiga honi, lakini haikuitikiwa, ikafia hewani. Mimi nilisimama wima, nimejaa furaha.

Siku hiyo hakuna aliyekwenda zahanati. Wala Jumanne.

Si kwamba matumbo yalikuwa yamepona. Niliwaona watoto wakizunguka nyuma ya mabweni kwa mwendo ule wa haraka usiotaka kuonekana. Darasani mtu alinyoosha mkono.

"Unaenda wapi?"

"Msalani, mwalimu."

"Tena?"

Na darasa likacheka. Kicheko hicho hakikuwa kile cha paredi. Aliyechekwa alirudi ameinamisha uso, na aliyefuatia kubanwa hakunyoosha mkono kabisa, alikaa akitoka jasho hadi kengele. Niliona yote hayo. Nilijiambia hayanihusu.

Kitanda kilichokuwa karibu na changu kilikuwa cha Mwende. Alikuwa ametoka Mahoo, huko Taveta, ambako baba yake alilima ndizi na nyanya, na ulikuwa mwaka wake wa kwanza bwenini. Sijawahi kuona mtoto nadhifu kama yule. Sketi yake alikuwa akiikunja, kuiweka chini ya godoro na kuilalia ili iamke imepigwa pasi. Alizungumza kwa sauti ndogo, na akiitwa na mwalimu shingo yake ilikuwa inapata madoa mekundu. Tulikuwa tumeanza kuwa marafiki kwa namna ya wasichana wasiosema mengi, kwa kugawana sabuni na kungojana mlangoni.

Jumanne alfajiri nilipokwenda bombani nilimkuta anafua shuka. Alishtuka, akalificha nyuma yake, likamlowesha gauni.

"Usimwambie mamako."

"Atakupa dawa tu, Mwende."

"Ataniandika kwa kitabu. Watajua wote. Apa."

"Haki ya Mungu."

Niliapa haraka kwa sababu nilikuwa na baridi. Kusema kweli, kulikuwa na sababu nyingine pia. Ningempeleka kwa mama, ningekuwa tena mtoto wa Sista, mpeleka madereva. Jumatano Mwende hakula chakula cha mchana. Alhamisi macho yake yalikuwa yameingia ndani kama ya bibi kizee, na jioni ile ya chapati, chapati tuliyoingojea juma zima, alinisogezea yake bila neno. Nami niliila. Nimewahi kutubu mambo mengi maishani, na ile chapati bado imo kwenye orodha.

Ijumaa asubuhi, wakati wa usafi, tulikuwa tunavuka uwanja na ndoo za maji. Nilisikia ndoo ikianguka nyuma yangu. Nilipogeuka, Mwende alikuwa amelala kwenye matope aliyoyamwaga mwenyewe, kiatu kimoja kimemtoka, midomo imepauka na kupasuka kama udongo wa bwawa lililokauka.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka mama akija mbio kutoka zahanati, ndara moja mguuni na nyingine imebaki njiani. Alipiga magoti matopeni, akaifinya ngozi ya mkono wa Mwende kwa vidole viwili akaiachia, na ile ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama kihema. Uso wa mama ulibadilika. Nilikuwa nimemwona akiwa amechoka, na akiwa na hasira, lakini hadi siku hiyo sikuwa nimemwona akiogopa.

"Amekuwa hivi kwa muda gani?" aliuliza, na hakumwuliza mtu yeyote hasa.

Nikainama kuokota kile kiatu kilichomtoka Mwende.

Alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, akakimbia naye hadi kwenye pikapu ya shule. "Mwende, usilale mama. Zungumza na mimi. Nyumbani kwenu ndizi mnauza zipi? Za kupika ama za kuiva? Niambie, nataka kuja kununua." Niliisikia sauti yake ikiendelea kuuliza habari za ndizi hadi pikapu ilipotoka getini na kuelekea hospitalini.

Sikuingia darasani. Nilikwenda zahanati, nikachukua ufagio na ndoo, nikapiga deki sakafu ambayo ilikuwa safi tangu Jumatatu. Vitanda vinne, vyote vimetandikwa, hakuna hata kimoja kilicholaliwa. Juu ya meza lilikuwepo jagi la maji ya dawa, limejaa, limefunikwa kwa kitambaa chenye shanga pembeni. Alikuwa amelitengeneza kila asubuhi na kulimwaga kila jioni.

Mama alirudi saa kumi. Aliketi kwenye ngazi ya zahanati, nami nikaketi, nikaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Amewekewa maji," alisema. "Amefungua macho. Unajua ameniuliza nini? Kama shuka lake limekauka."

Nilianza kulia. Nilimweleza yote, bombani, kiapo, chapati. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilingoja kofi, na nilikuwa nalitaka.

"Na mimi nilijua kuna kitu," alisema mwishowe. "Zahanati tupu baada ya mvua ya kwanza? Miaka yote hii? Nilijua, nikajiambia labda mwaka huu tumebahatika. Kosa si lako peke yako, Wakesho. Mkubwa hapa ni mimi."

Nafasi ile ya mtu mmoja akaiziba kwa kunivuta. Alinuka klorini na matope na jasho. Tumbo langu lilikuwa linanisokota, na nilidhani ni majuto.

Hayakuwa majuto. Asubuhi ya Jumamosi, kabla ya kengele, nilikuwa nimekwenda chooni mara tatu.

Paredi ya Jumamosi ilikuwa ya ukaguzi wa mabweni, na shule nzima ilikuwepo, kimya, kwa sababu habari za Mwende zilikuwa zimeenea. Mama alisimama mbele. Nilitarajia, baada ya yale yote, kwamba angerudia mambo yake. Lakini alitoa karatasi. Alikuwa ameniahidi, na ahadi aliyompa mtoto wa darasa la sita juu ya sahani ya wali alikuwa bado anaitunza. "Mwanafunzi yeyote mwenye dalili," alianza. Watoto walitazama viatu vyao. Niliangalia ile mistari na nikaona midomo mikavu, macho yaliyozama, shingo zilizolegea, na nikajua hakuna hata mmoja wao atakayekwenda.

Miguu yangu ilitoka kwenye mstari kabla sijaishauri.

"Sista," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, nikairudia. "Sista, mimi naendesha."

Vichwa vyote viliinuka kutoka kwenye viatu. Mama aliitazama karatasi, akanitazama, na niliona swali machoni mwake, una uhakika? Nikatikisa kichwa kukubali. Akaikunja karatasi mara mbili akaitia mfukoni.

"Tangu lini?"

"Tangu jana usiku."

Akavuta pumzi, akaweka mikono nyuma, na ule uso wa mkuu wa polisi ukarudi.

"Umeendesha Voi nzima usiku kucha," alisema kwa sauti ya paredi, "bila leseni?"

"Ndiyo, Sista."

"Bila taa?"

"Ndiyo, Sista."

"Na ni mtoto wangu mimi! Kesho watasema nini huko Mariakani?"

Kicheko kilianzia kwa watoto wa darasa la kwanza, ambao hawajui kukizuia, kikapanda hadi la nane. Nilikuwa katikati yake, na kwa mara ya kwanza hakikuniuma, labda kwa kuwa nilikuwa nimekiita mwenyewe. Kisha mvulana mmoja mrefu wa darasa la saba, yule hodari wa breki za hewa, akatoka mstarini ameshika tumbo. "Sista, mimi ni tanboi." Akafuata msichana wa kwaya. Wakafuata ndugu wawili mapacha, wakibishana ni nani mwenye kampuni. Kabla ya saa nne foleni ilikuwa imezunguka zahanati, maboksi yakaisha, mama akakata jalada la kitabu chake cha zamani. Hata mwalimu wa zamu alipita baadaye, akatazama kulia na kushoto, akaomba leseni yake kwa kunong'ona.

Mwende alirudi Jumanne, amekonda, shingo imeanza kupata yale madoa hata kabla hajashuka kwenye pikapu. Mama hakumpokea kwa pole. Alimkabidhi kipande cha boksi kikubwa kuliko vyote, kilichoandikwa LORI, MAGURUDUMU ISHIRINI NA MAWILI. Mwende alikisoma. Akatuangalia sisi wengine tuliokuwa tumesimama pale na vikaratasi vyetu vidogo mikononi. Akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kumtikisika, na nilichelewa kugundua kwamba anacheka.

Kwa miaka mingi niliamini nimeielewa hadithi hiyo. Nilidhani mama alikuwa mtu wa mzaha tu, aliyependa kusimama mbele na kuchekesha, na mimi nikamnyima starehe yake kwa muda wa juma moja.

Kisha akastaafu. Shule ilimfanyia sherehe kwenye ukumbi wa chakula, tukala pilau, watu wakasema mengi mazuri, na mwishowe wakamwomba azungumze. Mama alisimama. Alisema, "Asanteni." Akafungua mdomo tena, akaufunga. Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua ncha ya leso. Alisema tena "Asanteni sana," akaketi, akafunika uso. Watu wakapiga makofi wakidhani ni machozi ya furaha.

Nilimgeukia Bi. Manga, yule matroni wa zamani, aliyekuwa ameketi karibu nami.

"Kwani mama ana nini? Si alikuwa anachekesha shule nzima?"

Bi. Manga alinishangaa. "Hukujua? Saru anaogopa kuzungumza mbele ya watu kuliko anavyoogopa nyoka. Kila asubuhi ya zile paredi alikuwa anatapika kwanza. Pale nyuma ya jiko, kwenye magunia ya makaa. Mimi ndiye nilikuwa namshikia kikombe cha maji asukutue. Halafu anajipangusa, anaweka mikono nyuma wasione inavyotetemeka, anatoka."

Nikakumbuka Wusi. Nikakumbuka kwamba kanisani hakuwahi kusimama kutoa salamu, baba ndiye aliyesalimia kwa niaba yake. Kwenye harusi na matanga alikuwa jikoni daima. Yote hayo niliyaona nikiwa mtoto na sikuwahi kuyaweka pamoja. Yule mwanamke aliyechezea neno la aibu mbele ya watoto mia tatu alikuwa akijifanya kichekesho yeye, ili mtoto yeyote asiwe kichekesho. Jumapili ile juu ya sahani ya ndengu nilimpa ruhusa ya kuacha jambo lililomtesa kuliko yote, na Jumamosi ile, bila kujua, nilimwomba alianze upya. Akalianza.

Nilimpeleka nyumbani jioni hiyo kwa gari langu. Tulipanda milima, baridi ikianza kuingia madirishani, harufu ya moshi na majani mabichi. Tulipofika uani Wusi nilizima injini.

"Mama, Bi. Manga ameniambia. Kwa nini hukunieleza, siku ile niliyokuomba uache?"

Alifikiri kidogo, akitazama taa ya jikoni.

"Ulikuwa na aibu yako ya kutosha, Wakesho," alisema. "Ningekuongezea na yangu?"

Nilishuka, nikazunguka hadi upande wake, nikamfungulia mlango.